Namba Niliyoitia Saini

Katika ukurasa huu nimezoea kuwasema wengine: wabunge, wakuu wa mikoa, wakati mwingine wanataaluma wenzangu. Leo naomba nijiseme mwenyewe, kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza nimelifanya kwa mkono wangu, na karatasi yenye saini yangu bado imo ndani ya faili la mtu.

Mimi hufundisha mbinu za utafiti wa sayansi ya jamii. Kila mwaka, katika mhadhara wa tatu au wa nne, huandika ubaoni maneno mawili: uthabiti na uhalali. Huwaeleza wanafunzi kwamba kipimo thabiti ni kile kinachotoa jibu lilelile kila unapokitumia, na kipimo halali ni kile kinachopima jambo lile ulilokusudia kulipima. Mizani ya duka iliyochezewa ni thabiti kabisa. Kila siku humwibia mteja gramu zilezile. Wanafunzi hucheka, nasi huendelea mbele. Nimeyasema hayo kwa zaidi ya miaka kumi, na bado siku nilipowekewa namba mezani na kuombwa saini, sikuuliza swali hata moja.

Miaka michache iliyopita taasisi moja ya umma hapa Arusha, ambayo sitaitaja, iliniomba niwe mjumbe wa kamati ya watu watatu. Mfumo wake wa usajili ulikuwa umekwama siku ya mwisho ya usajili, watu wakakaa kwenye foleni kuanzia asubuhi hadi jioni, na wengine wakarudi vijijini bila kusajiliwa. Kazi yetu ilikuwa kueleza sababu na kupendekeza hatua. Tulipewa kurasa nne za grafu na siku mbili za kukaa.

Maelezo ya awali yalikuwa haya. Mfumo ule ulikuwa ukiendeshwa kwenye seva yenye Windows. Miezi mitatu kabla ya tukio, kijana mmoja ofisa TEHAMA, aliyeajiriwa kwa mkataba, aliuhamishia kwenye mashine ya ukubwa uleule yenye Linux ili taasisi isiendelee kulipia leseni. Aliomba kibali, akapewa. Sasa mfumo umekwama, na kila jicho linamtazama yeye.

Grafu zilionekana kumhukumu. Kwenye Windows, kumbukumbu ya mashine ilikuwa ikitumika kwa asilimia 58. Baada ya kuhamia Linux, asilimia 94. Kulikuwa pia na namba iliyoitwa wastani wa mzigo: saa 5 asubuhi, wakati mfumo ulipokwama, ilifika 22, ilhali mashine ina viini vinne tu vya kuchakata kazi. Na kulikuwa na mstari mmoja wa saa 3 asubuhi ulioonyesha kwamba programu ya hifadhidata inatumia asilimia 310 ya kichakataji. Mjumbe mwenzetu, mhasibu kwa taaluma, aliweka kalamu chini akasema, "Hata hesabu yenyewe ni mbovu. Asilimia 310 ya nini?"

Kijana aliomba dakika kumi za kujieleza. Tulimpa tano. Alipoanza kueleza kwamba mifumo endeshi miwili haihesabu mambo kwa namna moja, mwenyekiti alimkatiza. "Bwana mdogo, hatukuja kusoma kompyuta. Jibu swali: kumbukumbu imejaa au haijajaa?" Kijana alifikiri kidogo, akajibu, "Imetumika, mzee, lakini haijajaa."

Tulicheka. Nami nilicheka.

Taarifa yetu ilikuwa na kurasa sita. Ilisema kwamba uhamishaji ulifanywa bila umakini, kwamba mashine imezidiwa, na kwamba inunuliwe seva yenye kumbukumbu mara mbili. Kuhusu kijana tuliandika maneno mawili, "uzembe wa kitaalamu". Mkataba wake ulipofika mwisho haukuhuishwa. Seva mpya ilinunuliwa kwa fedha za umma.

Ndani ya wiki moja kumbukumbu ya seva mpya, iliyo mara mbili ya ile ya kwanza, ilionyesha asilimia 93. Na siku ya mwisho ya usajili uliofuata, mfumo ulikwama tena. Nilipopigiwa simu niliuliza umekwama saa ngapi. Nikajibiwa: saa 5 asubuhi.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Kumbukumbu ikijaa haitazami saa ya ukutani. Jambo linalotokea saa ileile, kwenye mashine mbili tofauti, lina sababu nyingine.

Naishi Moshono. Kijana yule, kumbe, naye anaishi Moshono, na baada ya kukosa kazi alifungua duka la kutoa nakala na kuchapa barua, si mbali na barabara ya daladala ziendazo Kijenge na mjini. Nilikuwa nimepita mbele ya duka lile mara nyingi bila kuingia. Jumamosi moja ya Julai, baridi imekaza na Mlima Meru umefunikwa na wingu tangu alfajiri, niliingia.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema, akanisogezea kiti.

"Marahaba. Nimekuja unimalizie zile dakika tano."

Hakucheka. Alichukua karatasi iliyoharibika kwenye mashine ya nakala, akaigeuza upande mweupe, akaanza kuchora. Nitajaribu kueleza alichonieleza kwa lugha yetu sisi tusio mafundi, maana kinamhusu kila anayesoma taarifa za ofisi.

Kwanza, kumbukumbu. Fikiria karani wa masjala mwenye meza pana. Kazi zinazoendelea zimechukua zaidi kidogo ya nusu ya meza. Sehemu iliyobaki ni tupu, na kabati la mafaili liko mbali, mwisho wa ukumbi. Karani mwenye akili huweka kwenye nafasi ile tupu yale mafaili yanayoulizwa mara kwa mara ili asitembee bure. Akija mteja mwenye kazi mpya, huyaondoa mara moja na kumpa nafasi. Je, meza imejaa? Ukihesabu kila karatasi iliyo juu yake, imejaa. Ukihesabu nafasi anayoweza kumpa mteja mpya, ina nafasi tele.

Linux hufanya hivyo kwa makusudi. Kila nafasi isiyo na kazi hujazwa vipande vya mafaili yaliyosomwa kutoka kwenye diski, kwa kuwa diski ni polepole. Windows nayo hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni namna ya kuripoti: Windows haiyahesabu mafaili hayo ya akiba ndani ya kile inachokiita kumbukumbu inayotumika. Programu iliyotuchorea grafu ya Linux ilichukua kumbukumbu yote, ikatoa ile iliyo tupu kabisa, na kilichobaki ikakiita "iliyotumika", pamoja na mafaili ya akiba. Kwa hiyo 58 na 94 zilikuwa majibu ya maswali mawili tofauti, nasi tuliziweka kwenye jedwali moja kana kwamba ni watoto wa mama mmoja. Ndiyo maana seva mpya nayo "ilijaa": karani alipewa meza pana zaidi, naye akatandaza mafaili mengi zaidi.

Watengenezaji wa Linux wenyewe walitambua kwamba namba hii inawapotosha watu. Mwaka 2014, katika toleo la 3.14 la kiini cha mfumo huo, waliongeza namba nyingine inayokadiria kumbukumbu inayopatikana kwa kazi mpya. Namba hiyo ilikuwepo kwenye mashine yetu. Hakuna aliyeiomba.

Pili, ile asilimia 310. Chombo cha kawaida cha Linux cha kutazama programu huhesabu kila kiini cha kuchakata kuwa asilimia 100. Mashine yenye viini vinne ina asilimia 400. Windows hugawanya kwa idadi ya viini, hivyo mashine nzima haizidi 100. Kwa hiyo 310 ya Linux ni kama 78 kwa lugha ya Windows: mashine inafanya kazi sana, lakini haijazidiwa. Mhasibu wetu aliuliza swali sahihi kabisa, "asilimia ya nini?" Kosa letu ni kwamba tulilichukua kama mzaha badala ya kulisubirishia jibu.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha habari, ule mzigo wa 22. Kijana alinitaka nifikirie zahanati. Daktari yumo chumbani. Nje kuna mabenchi mawili. La kwanza ni la wanaosubiri kumwona daktari. La pili ni la wale waliokwisha kumwona, wakapelekwa maabara, na sasa wanasubiri majibu. Ukitaka kujua kama daktari amelemewa, utahesabu benchi la kwanza. Ukitaka kujua kama wagonjwa wanateseka, utahesabu yote mawili.

Wastani wa mzigo ni kipimo cha zamani. Kilikuwepo tayari mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwenye mfumo ulioitwa TENEX, na kilihesabu benchi la kwanza, yaani kazi zinazotumia au kusubiri kichakataji. Linux ilikirithi hivyo. Lakini mwaka 1993 mtaalamu aitwaye Matthias Urlichs alipendekeza badiliko dogo, nalo likakubaliwa: zihesabiwe pia kazi zilizokwama zikisubiri diski. Hoja yake ilikuwa ya busara. Ukimwekea mtu diski ya polepole, mashine yake itakuwa nzito, lakini kwa hesabu ya zamani mzigo ungeonekana kupungua, kwa kuwa kazi nyingi zimehamia benchi la pili, lisilohesabiwa. Kipimo kingesema nafuu wakati mtumiaji anaona taabu. Sababu ya badiliko lile ilisahaulika kwa miaka mingi, hadi mwaka 2017 mtaalamu mwingine, Brendan Gregg, alipolitafuta na kuliandikia. Windows, kwa upande wake, haina kipimo hicho kabisa. Mtu aliyezoea Windows akikiona kwa mara ya kwanza hudhani ni kazi ya kichakataji peke yake.

"Sasa tazama, Mwalimu," alisema. "Saa 3 asubuhi daktari alikuwa na kazi nyingi, ile asilimia 310, na hakuna mtu aliyelalamika. Saa 5 mzigo ni 22. Daktari alikuwa anafanya nini saa 5?"

Sikujua. Alinitajia ukurasa wa nne wa grafu zetu, sehemu ya chini, kwa herufi ndogo. Saa 5 asubuhi kichakataji kilikuwa kikifanya kazi kwa asilimia 15 tu. Daktari alikuwa amekaa, chumba kitupu, na watu wote wamejaa benchi la maabara.

"Na maabara ilikuwa na nini?"

Alisita. Kisha akaniambia. Miezi miwili kabla ya tukio, uongozi ulitoa agizo kwamba nakala za akiba za hifadhidata, ambazo zamani zilitolewa usiku wa manane, sasa zitolewe kila siku saa 5 asubuhi, muda ambao mkuu wa kitengo yupo ofisini kushuhudia na kutia saini daftari. Nakala zilipitia diski zilezile ambazo usajili ulizihitaji. Siku za kawaida hakuna aliyehisi sana. Siku ya mwisho ya usajili kila kitu kilisimama. Yeye aliandika barua pepe kuonya. Agizo lilikuwa la maandishi, na onyo lake lilikuwa la maandishi. Kamati yetu haikuomba kuona lolote kati ya hayo mawili, na kwa dakika tano tulizompa hakuwahi kufika huko.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nikitafuta mahali pa kujitetea, na kila nilipopapata palianguka. Sikuwa mtaalamu wa kompyuta, kweli. Lakini swali lililohitajika halikuwa la kompyuta. Lilikuwa lile ninaloliandika ubaoni kila mwaka: namba hii inapima nini, na je, ile ya pili inapima jambo hilohilo?

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tungepaswa kulijua hili kuliko wengine. Miamba ya volkano ya mlima wetu huyapa maji mengi ya chemchemi na visima vya huku madini ya floraidi, na ndiyo maana watu wengi waliokulia hapa wana meno yenye rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi kiwango chetu cha kitaifa kiliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa maji yenye floraidi chini ya hapo yalikuwa magumu kupatikana. Baadaye nacho kikashushwa. Fikiria basi kikombe chenye miligramu 3. Kwa kiwango kimoja ni maji salama, kwa kingine si salama. Maji ni yaleyale na meno ni yaleyale. Mtu anayekuletea neno "salama" bila kukuambia kiwango kilichotumika hajakuambia kitu, hata kama hajasema uongo.

Nayaandika haya nikiwafikiria hasa watumishi wa umma mnaosoma hapa. Mfumo wa OPRAS, ulioanza mwaka 2004, umeachia nafasi PEPMIS, na leo utendaji wa mtumishi unaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta na kutoka ukiwa namba. Sipingi kupimwa. Zamani tulipimwa kwa uso wa bosi, na uso wa bosi hauna rufaa. Lakini muuguzi wa kituo chenye dawa na muuguzi wa kituo kisicho na dawa wanaweza kupata namba mbili zinazofanana sura na zisizofanana maana. Ofisa anayesubiri saini ya mkubwa wake kwa wiki tatu yumo kwenye benchi la maabara. Asije akahesabiwa kuwa amelala. Nanyi wanaharakati, ambao mara nyingi huchukua takwimu za nchi mbili na kuziweka kwenye bango moja, jihadharini na kosa langu. Jina moja la kipimo halithibitishi kwamba kipimo ni kimoja.

Naongeza jambo ambalo ni gumu zaidi kulisema. Namba zile hazikutudanganya. Kila moja ilikuwa sahihi kwa swali lake. Tuliziamini haraka kwa sababu zilielekeza kidole kwa mtu mdogo. Kama zingeelekea kwa mkuu wa kitengo, nina hakika tungeita wataalamu wawili, tungeahirisha kikao, tungesoma hadi herufi ndogo za ukurasa wa nne. Usomi wangu ulikuwa na nguvu ya kuuliza, lakini siku ile niliutumia kupamba uamuzi uliokwisha kufanywa.

Nilirudi dukani wiki iliyofuata kumwomba radhi. Niliikubali taabu ya kusema maneno yenyewe bila kuyazungusha. Alinisikiliza, akasema, "Yameshapita, Mwalimu." Nikamwuliza anataka nini kifanyike. Nilidhani angetaja kazi. Akasema kazi hataki tena pale, duka linamtosha kwa sasa. "Nataka ile karatasi itoke. Kila ninapoomba kazi wanapiga simu kule, na kule wanawasomea yale maneno mawili."

Nimeiandikia taasisi ile barua ya kurasa tatu. Nimeeleza makosa ya kamati moja baada ya jingine, nimeomba agizo la nakala za saa 5 na barua pepe ya onyo viambatishwe kwenye taarifa, na nimeomba maneno "uzembe wa kitaalamu" yafutwe, kwa kuwa mmoja wa waliyoyaandika anayakana. Wajumbe wenzangu wawili nimewaonyesha barua kabla ya kuituma. Mhasibu ametia saini. Mwenyekiti amesema atafikiria.

Mpaka leo jibu nililopata ni mstari mmoja: barua imepokelewa na inashughulikiwa. Najua maana ya maneno hayo. Nami nimewahi kuyaandika. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla ya kipindi changu cha saa 4, napita masjala ya taasisi ile, naulizia barua yenye kumbukumbu ile, natia jina langu kwenye daftari la wageni, naondoka. Nimeshapita mara tatu. Karani ameanza kunifahamu, na mara ya mwisho alinionyesha faili lenyewe liko juu ya meza gani.